Mkandaa Dume Mbele ya Linnaeus

Kisiwa cha Shungimbili kiko katika mkondo unaotenga Mafia na bara, ng'ambo ya delta ya Rufiji. Ni kipande cha mchanga na miti chenye takriban hekta 8, kilichozungukwa na matumbawe. Tangu mwaka 2007 serikali inakitambua kuwa eneo tengefu la bahari kwa jina lake hilohilo la Shungimbili. Matajiri wanaokikodi kisiwa kizima kwa mapumziko, wao wanakijua kwa jina la Thanda, neno la Kizulu lenye maana ya kupenda. Lilikuja na wawekezaji kutoka Uswidi, ambao tayari walikuwa na mbuga ya wanyama yenye jina hilo huko Afrika Kusini. Neno la Kizulu mikononi mwa Waswidi juu ya mchanga wa Mafia: sina ugomvi nalo, majina hupanda chombo kama abiria wengine. Ila linanikumbusha Mswidi mwingine, Carl Linnaeus, ambaye hakuwahi kuiona bahari hii, lakini kanuni alizoziweka katika karne ya 18 ndizo zinazoamua hadi leo mti wa Rufiji uitweje vitabuni.

Kitabu chake Species Plantarum, cha mwaka 1753, ndicho mwanzo rasmi wa majina ya mimea ya kisayansi. Kabla yake jina la mmea lilikuwa karibu sentensi nzima ya Kilatini, na kila mwandishi alikuwa na yake. Linnaeus alilipunguza hadi maneno mawili: la kwanza la jenasi, la pili la spishi. Huku kwetu hakuna kitabu cha mwanzo. Kuna wakata miti, waganga, mafundi wa majahazi na wanawake wanaotafuta kuni, na kuna majina ambayo kila kizazi kilimwachia kinachofuata. Nataka kuyaweka mapokeo haya mawili mbele ya miti ileile, nione yanakata wapi.

Tuanzie topeni. Tanzania huhesabiwa kuwa na spishi kumi hivi za miti ya mikoko. Watu wa delta na wa visiwani wana mkoko wenyewe, msindi, mkandaa, mchu, mpira (ambao ukivuka kwenda Kenya ni mlilana), mkomafi, msikundazi na kikandaa. Jina la jumla ni mikoko, na jina hilohilo ni la mti mmoja, ule wenye mizizi iliyojipinda na kusimama juu ya maji, Rhizophora mucronata. Mtu aliyelelewa na vitabu anaweza kuona ulegevu wa lugha hapo: iweje kundi zima na mmoja wao viitwe jina moja? Lakini wanabotania hufanya vivyo hivyo. Familia ya Rhizophoraceae imeitwa kwa jina la jenasi Rhizophora, kwa sababu katika kanuni zao familia haipati jina mpaka mmoja wa watoto wake alitoe.

Sasa chukua jozi mbili za miti ya tope hilohilo. Ya kwanza ni mkomafi na mkomafi dume. Mkomafi ni Xylocarpus granatum, wenye matunda makubwa ya mviringo. Mkomafi dume ni Xylocarpus moluccensis. Jenasi moja, spishi mbili. Mkata miti na mwanabotania wamepitisha panga mahali pamoja bila kushauriana, na hata muundo wa jina ni uleule: neno la kwanza linataja ukoo, la pili linamtofautisha mmoja na mwenzake.

Jozi ya pili ni mkandaa na mkandaa dume, na hapa ndipo mambo yanapokuwa matamu. Mkandaa ni Ceriops tagal, wa familia ya mkoko. Mkandaa dume, ambao kwingine huitwa kikandaa, ni Lumnitzera racemosa, wa familia ya Combretaceae, ndugu wa mkungu ule unaotupa kivuli na kungu mitaani. Mkandaa huotesha mche ungali juu ya mti; mche hurefuka, ukaning'inia, ukaanguka topeni ukiwa tayari kushika mizizi. Kikandaa hutoa vitunda vidogo vinavyodondoka na kuelea. Kwa ushahidi wa maua na mbegu, hawa si ndugu wa karibu hata kidogo. Tena mti huohuo kwa wengine una ki- ya udogo, kwa wengine una cheo cha dume: hapa ni mdogo wa mkandaa, pale ni mume. Wanaoutaja hawajaona haja ya kuelewana.

Mwanaanthropolojia Brent Berlin, baada ya miaka ya kazi na Watzeltal wa Chiapas, kusini mwa Mexico, alijenga hoja ambayo kitabu chake cha 1992 kinaieleza kwa kirefu: kwamba watu kila mahali huiona mipaka ileile ambayo maumbile yenyewe yameichora, na kwamba faida ya mmea si msingi wa kuupa jina. Ni hoja ya heshima. Ilikuja kuwajibu waliofikiri kwamba watu wa kijijini hutaja tu kinacholiwa na kinachouma. Mkomafi unamuunga mkono kabisa. Mkandaa unamkana. Mkandaa na kikandaa huweza kukutwa upande wa nchi kavu, penye chumvi kali, miti isiyonenepa sana, yenye mbao ngumu. Nadhani aliyeuita mmoja dume la mwingine alikuwa anatafuta cha kujengea, na kwa haja hiyo miti hiyo miwili ni ndugu kweli. Sioni kwamba alikosea. Alijibu swali lingine.

Ushahidi zaidi uko kwenye biashara ya miti yenyewe. Ukishakatwa, mkoko hauulizwi tena ukoo wake, unapimwa unene. Mwembamba kabisa ni fito, kisha pau, ambao ni wa sentimita 4 hadi 8 hivi, kisha mazio, kisha boriti, ambayo huanzia karibu sentimita 11.5 na kuishia 14, kisha nguzo. Mkandaa, msindi au mkoko, wote wanaweza kuwa pau leo, na kama wangeachwa kwa miaka wangekuwa boriti. Miti hiyo iliuzwa kwa korija, ishirini ishirini, na majahazi yaliichukua kutoka Rufiji na Lamu hadi Uarabuni na Ghuba. Hakuna kitabu cha botania kinachotambua ainisho hili, lakini ndilo lililoamua upana wa vyumba katika nyumba za mawe za Lamu na Zanzibar, kwa kuwa chumba hakikuweza kuwa kipana kuliko boriti inayobeba dari. Sayansi ya majina ina uwezo mkubwa, ila sijui ainisho lake lingine lililowahi kuonekana ukiinua tu macho kitandani.

Mnazi nao, ambao Mafia umeshika sehemu kubwa ya nchi, kwa Linnaeus ni Cocos nucifera tangu kuchipua hadi kukatwa. Kwa mkwezi kuna kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi na mbata. Lugha moja imegawa aina, nyingine imegawa umri.

Turudi kwenye neno dume. Katika miti yetu mara chache lina maana ya jinsia. Mpapai dume ni dume kweli, hauzai, na mwenye shamba hajawahi kuhitaji mtaalamu kumwambia hivyo. Lakini mkomafi dume huchanua na kuzaa kama mwenzake. Ni neno la kusema "huu si ule, ingawa unafanana nao". Linnaeus kwa upande wake alilichukua suala la jinsia kwa uzito wote. Mwaka 1735 aliigawa mimea yote katika matabaka 24 kwa kuhesabu na kupima viungo vya uzazi ndani ya ua, akavieleza kama mabwana na mabibi katika chumba cha arusi: mume mmoja kwa mke mmoja, waume wawili kwa mke mmoja, na kuendelea. Johann Siegesbeck, mtaalamu wa mimea huko St Petersburg, aliuona mfumo huo kuwa wa aibu na akaandika hivyo mwaka 1737. Jina la Sigesbeckia, alilolitoa Linnaeus, limebaki hadi leo kwenye gugu linalonata, ambalo linaota Afrika Mashariki pia. Wanabotania nao walikuwa wanajua kumpaka mtu matope.

Jambo ambalo husahaulika ni kwamba mfumo huo wa matabaka 24 ulikufa. Uliweka pamoja mimea isiyo na undugu kwa sababu tu hesabu ya viungo vyake ililingana, na Linnaeus mwenyewe alikiri kwamba ni mfumo wa kubuni, wa kurahisisha kazi. Kwa maneno mengine, naye alikuwa na mikandaa dume yake. Kilichoishi ni jina la maneno mawili, muundo ambao Watzeltal na watu wa Rufiji walikuwa nao bila yeye.

Mchu una habari nyingine. Vitabuni ni Avicennia marina. Jenasi hiyo Linnaeus aliipa jina la Ibn Sina, tabibu aliyezaliwa karibu na Bukhara na kufariki mwaka 1037, ambaye Ulaya ilisoma tiba yake kwa karne nyingi ikimwita Avicenna. Kila mchu kati ya Mafia na Lamu, basi, unabeba jina la mwanachuoni wa Kiislamu, jambo ambalo sikuwahi kulisikia likitajwa katika darasa la biolojia. Neno marina lilitoka kwa Peter Forsskål, mwanafunzi wa Linnaeus, aliyeondoka na msafara wa mfalme wa Denmark kwenda Uarabuni mwaka 1761. Forsskål alijua Kiarabu, na alipokuwa Misri na Yemeni aliyaandika majina ya mimea kama wenyeji walivyoyatamka. Malaria ilimuua Yarim, Yemeni, Julai 1763. Kati ya wanazuoni na wasaidizi sita wa msafara, ni Carsten Niebuhr peke yake aliyerudi, na ndiye aliyekichapa kitabu cha mwenzake mwaka 1775.

Katika kitabu hicho mchu unaitwa Sceura marina, kutokana na shura, jina la Kiarabu la mti huo katika pwani ya Bahari ya Shamu. Qat, ambayo sisi tunaijua kama miraa au mirungi, ikawa Catha. Hata majani ya bahari yaliyotanda chini ya maji kuzunguka Mafia, ambayo sasa yanaitwa Thalassodendron ciliatum, alikuwa wa kwanza kuyaeleza kisayansi. Na katika mengi ya haya Forsskål alimwasi mwalimu wake. Linnaeus alikuwa ameandika mwaka 1737, akarudia mwaka 1751, kwamba jina la jenasi lisilo na mzizi wa Kigiriki au Kilatini lisikubaliwe. Hayo mengine kwake yalikuwa ya kishenzi. Catha ilipona. Sceura haikupona: mwaka 1907 mwanabotania Vierhapper aliuhamishia mti huo kwenye Avicennia, jenasi iliyotangulia, na shura ikazikwa katika orodha ya majina yasiyotumika. Ni kejeli ya aina yake, jina la Mwislamu kufuta neno la Kiarabu. Kwa ndugu zetu wa Muscat mti huo ni qurm, na mtaa wao wa Qurm umeitwa kwa ajili yake.

Aliyeipinga kanuni hiyo waziwazi alikuwa Mfaransa, Michel Adanson. Aliishi Senegal kuanzia 1749 hadi 1753, akajifunza mimea kwa wenyeji, na katika Familles des plantes, kitabu alichoanza kukitoa mwaka 1763, aliyatumia majina ya wenyeji bila haya na kuukataa utaratibu wa Linnaeus. Wakati huo Linnaeus alikwisha kuuita mbuyu Adansonia digitata kwa heshima yake. Adanson hakuitaka heshima hiyo. Alitaka mti uitwe Baobab, jina alilolikuta likitumika. Sayansi ilimpa jina lake juu ya mti mnene kuliko yote ya Afrika, ikamnyima hoja yake.

Amerika Kaskazini ilipitia mambo hayohayo, na kule pia Linnaeus alikuwa na mwanafunzi wake, Pehr Kalm, aliyekusanya mimea kuanzia 1748 hadi 1751 na kuachiwa jenasi Kalmia. Majina ya watu wa asili yalipenya kwa kiti cha pili, kile cha spishi, ambacho kanuni haikukibana sana. Mkoko wa Florida ni Rhizophora mangle, na mangle ni neno ambalo Wahispania waliliokota Karibi. Neno la Wamuskogi, catalpa, Linnaeus aliliruhusu kwenye kiti hicho tu. Mwaka 1777 Giovanni Scopoli akalipandisha kuwa jenasi. Ama wavuvi wa Florida wa leo, wao wana mkoko mwekundu, mweusi na mweupe. Mwekundu ni Rhizophora, mweusi ni Avicennia, na mweupe ni Laguncularia, wa familia ileile ya kikandaa chetu. Watu wa pwani mbili zisizojuana wamewatia wageni haohao katika kundi la mikoko kwa sababu wanasimama katika maji hayohayo.

Husemwa kwamba jina la kisayansi lina faida moja ambayo ya kienyeji hayana: halibadiliki. Hii ni kweli nusu. Majina yetu hubadilika kwa bandari. Msindi wa Tanzania ni muia Kenya. Mpira ni mlilana. Na mkungu ni mti wa kungu, lakini kuna wanaouita hivyo msikundazi pia. Kamusi ya majina ya mimea ya P. J. Greenway, aliyekuwa mtaalamu wa mimea huko Amani, ikifunguliwa toleo la 1940, inaonyesha wazi jinsi neno moja la Kiswahili linavyoweza kuelekea miti kadhaa, na mti mmoja kuwa na maneno kadhaa. Majina ya Kilatini, nayo, hubadilika kwa miaka. Philip Miller alipoiweka jenasi Acacia mwaka 1754, mti wa kielelezo ulikuja kuwa mgunga wa Afrika. Mwaka 2005, katika kongamano la Vienna, wanabotania waliamua jina hilo liende kwa miti ya Australia, yenye spishi zaidi ya 900, ili kupunguza mabadiliko. Kongamano la Melbourne la 2011 likathibitisha. Migunga ya Afrika ikagawanywa kati ya Senegalia na Vachellia, na hii ya pili ni kwa heshima ya George Vachell, kasisi wa Kampuni ya Uhindi Mashariki huko Macao. Hesabu ya kupunguza usumbufu naielewa. Lakini aliyekuwa na jina kwa karne mbili na nusu aliondolewa kwa kura, na mchungaji wa ng'ombe hakusikia lolote, kwa kuwa kwake mgunga ulibaki mgunga.

Kura nyingine ilipigwa Madrid, Julai 2024. Mamia ya mimea, kuvu na mwani ilikuwa na neno caffra au jamaa zake katika majina, kutokana na kafiri la Kiarabu ambalo Afrika Kusini lilikuja kuwa tusi kwa Mwafrika. Kwa kura 351 dhidi ya 205, neno hilo liligeuzwa affra. Mng'ongo wetu ni mmoja wao. Ulikuwa Sclerocarya birrea nususpishi ya caffra, na aliyeuweka katika daraja hilo ni John Kokwaro wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mwandishi wa kitabu maarufu cha mitishamba ya Afrika Mashariki. Kanuni ya kipaumbele haikumpa nafasi ya kuchagua: neno lilitangulia, Otto Sonder alilitumia katika karne ya 19, na Mkenya alilazimika kulibeba. Naiunga mkono kura ile. Ila tusijifanye neno lilizaliwa Ulaya. Wareno walilipata kwa wafanyabiashara Waislamu wa pwani hii, ambao walikuwa wakiwaita hivyo watu wa bara na wa kusini. Kabla halijaingia katika jina la mng'ongo, lilipita vinywani mwetu.

Kanuni za sasa haziulizi tena kama jenasi ina mzizi wa Kigiriki. Jina laweza kutoka popote. Tangu 2012 hata maelezo ya spishi mpya si lazima yawe ya Kilatini. Mwaka 2009 mti wa misitu ya pwani ya Tanzania ulipewa jenasi mpya, Mwasumbia, kwa heshima ya Leonard Mwasumbi, aliyetunza kwa miaka mingi hazina ya mimea mikavu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ni wa familia ya mtopetope na mstafeli. Katika familia hiyohiyo, mwaka 1970, Bernard Verdcourt wa Kew alikuwa ameshaona kwamba mti mdogo wa pwani ya Kenya na Tanzania hauingii katika jenasi yoyote iliyokuwapo. Hakwenda kutafuta Kigiriki. Aliuita Mkilua fragrans, akalichukua neno pamoja na m- yake, ile inayotenga mti na ua: mkilua ni mti, kilua ni ua ambalo wanawake wa pwani hulitia katika vikuba.

Mwasumbi ameingia kama alivyoingia Ibn Sina, kwa heshima ya mtu. Mkilua umeingia kwa njia ambayo Linnaeus aliifunga na Adanson aliigombea. Mwasumbia ni heshima inayostahili, lakini nikitakiwa kuchagua nitachukua ya Verdcourt, kwa sababu jina la mtu lingeweza kuwekwa juu ya mti wowote mpya, na Mkilua lisingefaa juu ya mti mwingine.